Malengo yaliyogeuzwa tiara: kisa cha Babu wa darasa la nne, Kibirizi

Jumamosi ya tarehe 24 Februari 2024, malengo ya Babu ya mwaka mzima yalikuwa angani juu ya mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Yaliandikwa nyuma ya kalenda ya 2023, kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa, na sasa yalikuwa na njiti mbili za mchikichi mgongoni, mkia wa kanga kuukuu, na uzi wa nyavu uliofungwa kwenye kipande cha kijiti. Baba yake alikuwa ufukweni anashona nyavu na wenzake. Mmoja akamwambia, "Ona tiara ya mwanao inavyopanda." Akainua macho, akautambua mwandiko wake.

Kilichofuata mnakijua. Jioni yake Mama Babu alikuja kwangu, mtoto nyuma yake, macho mekundu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, ila sifundishi shule anayosoma Babu. Ni jirani tu, nyumba ya tatu kutoka kwao. Babu mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka kumi. Alipewa jina la baba mkwe wa mama yake, na mama hawezi kulitamka jina hilo kwa heshima, basi nyumba nzima ikamwita Babu, na mtaa nao ukafuata: Baba Babu, Mama Babu. Wazazi wamenikubalia nikieleze kisa hiki maadamu majina yenyewe nisiyataje.

Kwanza karatasi. Nilipewa ile tiara niisome. Ilikuwa na mambo saba. La kwanza, kuwa wa kwanza darasani, "au ndani ya kumi bora". La pili, kuacha utundu. La tatu, kumsaidia mama. La nne, kujua Kiingereza. La tano, kutocheza mpira siku za shule. La sita, kumheshimu kila mtu. La saba, kupata A ya hesabu kwenye upimaji wa taifa wa darasa la nne. Chini kabisa, ndani ya kiboksi: ZAWADI BAISKELI.

Hakuna baba wa kulaumiwa hapo. Mvuvi wa dagaa huonana na watoto wake kwa kalenda ya mwezi. Anatoka jua linapozama, anawasha taa ziwani ili dagaa wapande, anarudi alfajiri, analala mchana. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, maji yote yana mwanga, dagaa hawakusanyiki. Ndipo anakaa nyumbani. Mwishoni mwa 2023 mwezi mpevu uliangukia tarehe 27 Desemba, kwa hiyo usiku wa kuamkia mwaka mpya Baba Babu alikuwepo. Alikuwa na siku chache za kuwa baba, akataka kuzitumia vizuri. Akaandika yote aliyokuwa nayo moyoni, akabandika ukutani juu ya kitanda cha mtoto, na mwezi ulipofifia akarudi ziwani. Karatasi ikabaki kulea.

Kosa la kwanza baada ya tiara lilikuwa langu. Nilitazama ripoti ya darasa la tatu: hesabu 14 kati ya 50, nafasi ya 61 kati ya 94. Nikasema yale ambayo walimu wote tunasema: apelekwe tuisheni. Mama Babu akajibana kwenye pesa za mawese, akalipa wiki mbili. Mtoto akawa anatoka shule, anakwenda tuisheni, anarudi anaanua dagaa wa mama yake kabla mvua haijawalowesha, maana Machi kwetu mvua haibishi hodi, halafu analala na viatu. Wiki mbili zikaisha. Hesabu hazikusogea hata kidogo, na sasa alikuwa anaumwa tumbo kila asubuhi.

Ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilimkalisha barazani kwangu, nikamuuliza swali moja.

"Saba mara nane?"

Akatazama paa. Midomo ikaanza kucheza. Nikasogea karibu kusikiliza: alikuwa anaimba. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, saba mara tatu ishirini na moja, kwa ile tuni ambayo kila aliyesoma shule za msingi Tanzania anaijua. Kila mstari alikuwa anakunja kidole kimoja ili ajue amefika wapi. Alipofika saba mara sita, mdogo wake alipita na kuku mkononi. Babu akatazama kuku. Uzi ukakatika. Akarudi kwenye saba mara moja.

Nilimuuliza maswali sita ya namna hiyo. Manne alianza upya zaidi ya mara moja. Mtoto huyu tebo ya saba anaijua yote, ila anaijua kama wimbo, na wimbo huwezi kuuingia katikati. Kwenye mtihani wenye maswali mengi na muda mdogo, kila swali lilimdai aanzie mlangoni. Kule nyumbani hali hiyo ilikuwa inaitwa uvivu.

Nikamuuliza anataka nini mwaka huu. Akasema hajui. Nikauliza tena. Hajui. Nikanyamaza, nikaendelea kuchambua mchele. (Ushauri kwa mzazi anayesoma hapa: ukishamuuliza mtoto swali la kweli, tafuta kazi ya mikono. Ukimkodolea macho atakupa jibu unalolitaka wewe.) Baada ya muda akasema, akiongea na sinia la mchele kuliko mimi: "Nataka nisiwe nahesabu kwa vidole. Wananicheka."

Hilo ndilo lengo pekee la kweli lililotamkwa nyumba ile mwaka mzima, na halikuwamo kwenye yale saba.

Sasa niyarudie yale saba kidogo. La pili na la sita hayana mwisho wala mwanzo. Mtoto hawezi kulala usiku akijua leo ameacha utundu kiasi gani. La tatu alikuwa analitimiza kila siku mvua ikinyesha na hakuna aliyemhesabia. La tano ni adhabu iliyovalishwa nguo ya lengo. Lakini la kwanza ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ndilo tunalowapa watoto wetu wengi. Nafasi ya darasani haiko mikononi mwa mtoto. Babu akiongeza alama 10 na wenzake wakaongeza 12, anashuka. Unamwambia mtoto akimbie huku mstari wa mwisho umewekwa kwenye miguu ya watoto wengine 93.

La saba, A ya hesabu, angalau linamhusu yeye. A ni kuanzia alama 41 kati ya 50. Yeye alikuwa na 14. Na upimaji ni Oktoba, yaani miezi kumi mbele, ambayo kwa mtoto wa miaka kumi ni sawa na kumwambia habari za uzeeni.

Kuna jaribio ninalolipenda, la mwaka 1981, la Albert Bandura na Dale Schunk, wanasaikolojia wa huko Marekani. Walichukua watoto wa miaka kama saba hadi kumi waliokuwa dhaifu kwenye kutoa na wasiopenda hesabu. Kila mtoto alikuwa na kurasa 42 za mazoezi na vikao saba vya kuzifanya. Kundi moja liliambiwa lijaribu kufanya angalau kurasa sita kila kikao. Kundi jingine liliambiwa limalize zote 42 kufikia kikao cha saba. Kundi jingine halikuwekewa lengo lolote. Ukipiga hesabu, sita mara saba ni 42: makundi mawili ya kwanza yalipewa kazi ileile. Lakini wale wa kurasa sita walikwenda haraka, wakaelewa kutoa, wakajiamini, na wakaanza hata kuzipenda hesabu ambazo mwanzoni hazikuwavutia. Lile lengo la mbali la kurasa 42 halikuonyesha faida yoyote. Kuwa na lengo na kutokuwa nalo kulikuwa kitu kimoja.

Nilimsimulia Baba Babu jaribio hili, akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nikitaka dagaa wa ndoo kumi siwezi kwenda kutafuta ndoo moja." Nikamuuliza, "Na unazijaza zote kumi kwa kuchota mara moja?" Akacheka. Tukaelewana nusu.

Mpango wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kutia aibu. Tulikata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa karata. Upande mmoja Babu aliandika swali, upande wa pili jibu. Tebo ya saba na ya nane tu, zimevurugwa, zisifuatane, ili wimbo usipate pa kuanzia. Zikaingia kwenye kopo la maziwa. Kila jioni atoe kadi tatu. Akizijibu bila kuimba, zinahamia kopo la pili. Akikwama, kadi inarudi. Basi. Baba yake alipoona kadi tatu alinung'unika kuwa mtoto wa fulani anakariri mpaka tebo ya kumi na mbili. Nikamwomba anipe mwezi mmoja.

Swali lililobaki lilikuwa saa ngapi. Saa ya ukutani nyumba ile ilisimama zamani, na hata ingekuwa inatembea, siku za familia ya wavuvi haziendi kwa saa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, amechunguza sana tofauti ya mtu anayesema "nitafanya" na anayesema "likitokea hili, nitafanya lile". Wa pili hufanikiwa zaidi, kwa kuwa halazimiki kukumbuka wala kuamua. Tukio lenyewe linamwita. Nikamuuliza Babu ni kitu gani hutokea kwao kila jioni bila kukosa. Akajibu papo hapo: "Baba anavaa koti."

Lile koti nalijua. Zito, la kijani kibichi lililopauka, mkono mmoja umeungua kwa karabai enzi za karabai, linanuka dagaa hata likifuliwa. Linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Tukakubaliana: baba akishika koti, Babu anashika kopo. Wakati huo dagaa wameshaanuliwa, vyombo vimeshaoshwa, mwanga bado upo.

Ikaenda vizuri siku tisa. Giza la Machi lilikuwa zuri, baba alitoka kila siku, kadi kumi na moja zikahamia kopo la pili. Halafu mwezi ukajaa. Baba akakaa nyumbani, koti likabaki kwenye msumari, na kopo nalo likabaki palepale. Siku ya tano Mama Babu akaja kuniambia mpango umekufa.

Nakiri sikuliona hilo. Nilitundika lengo la mtoto kwenye msumari ambao kila mwezi unang'oka kwa wiki nzima. Lakini pengo lilikuja na dawa yake: siku koti haliendi ziwani, mwenye koti yupo. Basi siku za mbalamwezi, aliyeshika kopo akawa baba. Na baba yule, aliyeishia darasa la saba na anayejiona hana la kumfundisha mwanafunzi, aligeuka kuwa mwalimu kuliko mimi. Nilimkuta jioni moja anauliza hivi: "Tuseme kisado ni elfu saba. Mama mmoja anataka visado vinane, ana haraka, boti linaondoka. Unamwambia ngapi?" Babu: "Hamsini na sita elfu." Hakutazama paa. Baba akajifanya mteja mbishi, "Punguza," na mtoto akajibu kwa sauti ya mama yake kabisa, "Haipungui."

Ningependa kuishia hapo, ila kisa hakikuishia hapo.

Baba Babu alifurahi mno. Mwezi wa Aprili, bila kumshauri mtu, akamwambia mwanawe: ukimaliza kadi zote kabla ya Juni, baiskeli nanunua. Ile zawadi ya kwenye kiboksi ikashuka kutoka A ya Oktoba hadi makopo mawili. Babu akazimaliza katikati ya Mei.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa. Uvuvi ulisimamishwa hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Nia ni njema na wavuvi wengi wenyewe walikuwa wanalalamika kuwa dagaa wamepungua. Lakini kwa nyumba inayokula kwa usiku, miezi mitatu ni mirefu. Pesa ya baiskeli ikawa ya unga, ikaisha ikiwa unga.

Hapo kuna mambo mawili na nisingependa yachanganywe. Moja ni ahadi iliyovunjika, na hilo halihitaji mtaalamu. Baba alilikwepa, kila mtoto alipouliza alijibu "tutaona", na "tutaona" watoto wa Kitanzania wanajua maana yake. La pili ni zawadi yenyewe. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake huko Marekani walichunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Waliwaahidi baadhi yao cheti kizuri chenye utepe wakichora. Wiki moja au mbili baadaye, wakati hakuna cheti tena, wale walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kuchora kulikuwa mchezo. Ahadi ikakugeuza kibarua, na kibarua bila malipo nani anakifanya? Babu alianza na kutaka asichekwe. Hilo lilikuwa lake, halikugharimu shilingi. Baiskeli ilipoingia, kadi zikawa za baiskeli, na baiskeli ilipopotea, kadi zikapoteza sababu. Kuanzia mwishoni mwa Mei hakugusa kopo. Tebo ya sita na ya tisa, ambazo tulipanga zifuate, hazikuandikwa.

Nilimwambia Baba Babu jambo moja tu: amwambie mtoto wazi kwamba hana pesa, kwamba ni deni, asiseme tena tutaona. Ilimchukua siku nne. Mwanamume wa ziwani kumwambia mwanawe wa miaka kumi "sina" ni kazi nzito kuliko kuvuta nyavu. Alimwambia wakiwa wawili, wanatazama mitumbwi iliyopandishwa mchangani. Walisemezana nini zaidi sijui, sikuuliza.

Juni shule zikiwa zimefungwa, nilipita pale jioni kuazima kinu. Nikasikia kicheko. Babu alikuwa amesimama katikati ya sebule amevaa koti la ziwani. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu, mikono inaning'inia kama ya mtu asiye na viganja. Mdogo wake wa kike, wa miaka saba, alikuwa amekaa kwenye mkeka na kopo. Nikauliza kuna nini. Babu akaniambia kama anayemweleza mtu asiyeelewa mambo, "Baba haendi ziwani, Mwalimu. Kwa hiyo koti navaa mimi."

Mimi nilikuwa nimeshatafuta msumari mwingine kichwani kwangu siku nyingi: chakula cha jioni, taa, chochote. Yeye aliutumia uleule. Na kadi zilizokuwa mezani zilikuwa mpya, za tebo ya tisa, kwa mwandiko wake.

Matokeo niyaseme upesi. Mtihani wa shule wa Septemba, kabla ya upimaji, alipata 27 ya hesabu, kutoka 14. Nafasi: ya 58 kati ya 91. Soma tena hizo namba mbili. Alama zinakaribia mara mbili, na nafasi imesogea hatua tatu, huku watatu wakiwa wamehama shule. Kama tungebaki na lengo la kwanza la ile tiara, mwaka wa Babu ungeandikwa kuwa umefeli. Baba yake ndiye aliyeanza kusoma nafasi, kidole kikaganda hapo kwa muda, kisha kikahamia kwenye 27. Akauliza, "Vidole?" Babu akaonyesha viganja vyake, vyote viwili, vimelala mezani.

Kiingereza bado kibaya. Utundu upo palepale. Siwezi kusema tumbo la asubuhi liliisha kwa sababu ya kadi au kwa sababu ya kuacha tuisheni; nadhani ya pili.

Mwaka huo mpya walinialika kwenye kuandika malengo, na sherehe haikuwa tarehe 31. Mwisho wa Desemba 2024 mwezi ulikuwa umekufa, giza tupu, baba angekuwa ziwani. Kwa hiyo mwaka mpya wa nyumba ile waliusogeza hadi katikati ya Desemba, mbalamwezi ikiwa imejaa uani, nasi tumekaa nje na chai. Karatasi ilikuwa nyuma ya kalenda tena, ila kalamu alishika Babu. Aligawa karatasi kwa mstari katikati. Upande wake aliandika kitu kimoja: kusoma ukurasa mzima kwa sauti mbele ya darasa bila kufuatisha kwa kidole. Alitaka pia kuandika kwenda ziwani usiku mmoja na baba. Mama akakataa, wakabishana mpaka chai ikapoa, kikabaki hakijaandikwa.

Upande wa pili juu aliandika BABA. Baba akamuuliza aweke nini. Babu akainama, akaandika taratibu, akamsogezea karatasi na kalamu. Lilikuwa neno moja na mabano: Baiskeli (deni). Baba Babu alilitazama muda mrefu, akasaini, akainuka, akaitundika karatasi kwenye ule msumari nyuma ya mlango, chini ya koti.